Nyumba Haiponi kwa Hukumu

Yapo maneno mawili ambayo yamechanganywa kwa muda mrefu katika nchi yetu, na mchanganyiko huo umezigharimu nyumba nyingi. Maneno hayo ni hukumu na suluhu. Hukumu hutafuta mkosaji. Suluhu hutafuta njia. Hukumu ikiisha kutolewa, mmoja hutoka kifua mbele na mwingine hutoka ameinamisha kichwa. Suluhu ikipatikana, wote wawili hurudi nyumbani kwa njia moja. Mabaraza yetu ya usuluhishi, vikao vyetu vya ukoo, na hata baadhi ya walimu wanaoitwa kuamua ugomvi wa wazazi na watoto, wamezoea kutoa la kwanza na kuliita kwa jina la pili. Sisi tunasema kwamba desturi hiyo ni potofu, kwamba hailingani na lililo bora katika utamaduni wetu, na kwamba elimu ya tiba ya familia nayo inaikataa. Nyumba inayougua haiponi kwa hukumu. Huponywa kwa vitu viwili, navyo ni ukunjufu na mazungumzo.

Tufafanue kwanza maana ya maneno yetu, kwani mabishano mengi huzaliwa na maneno yasiyofafanuliwa. Kwa tiba ya familia tunakusudia ile njia ya kuponya ambayo haimtazami mgonjwa peke yake. Mtoto aliyekuwa mwerevu akianza kushika mkia darasani, kijana akitoroka nyumbani, mama akikosa usingizi miezi na miezi bila ya homa wala jeraha, mponyaji wa namna hii huwaita wote wanaokaa na mtu huyo, akawaketisha mahali pamoja, na kuutafuta ugonjwa huko unakojificha, yaani baina yao. Kwa ukunjufu hatukusudii kubembelezana wala kuchekeana. Tunakusudia ule moyo wazi unaomfanya mwenye shida aone kwamba anathaminiwa hata kabla haijajulikana kama ana haki au hana. Na kwa mazungumzo hatukusudii wingi wa maneno, kwani mwenye kelele hana neno. Tunakusudia kwamba mmoja aseme lililo moyoni mwake, na mwenziwe alisikie kama lilivyosemwa.

Tunajua kwamba fikra hii ina wapinzani, na ni haki kuwataja. Wa kwanza ni wale wanaosema kuwa siri ya nyumba haitolewi nje. Hao wana chembe ya ukweli, kwa sababu nyumba isiyo na siri ni sawa na uwanja wa soko. Lakini wazee wale wale waliotufundisha kutunza siri walitufundisha pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wa pili ni wale wanaodai kwamba kuketi na mshauri na kuzungumza habari za moyo ni mtindo wa Kizungu usiotufaa. Wa tatu, nao ndio wengi na wenye nguvu kuliko wote, ni wale wanaokubali kwamba nyumba isuluhishwe, ila kwao kusuluhisha ni kumwita mkosaji, kumkemea, kumtoza faini, na kumwambia mke avumilie. Makala haya yanawajibu hasa hao wa tatu. Lakini hatuna budi kuanza na wa pili, maana wanalitumia jina la utamaduni wetu bila ya kuuchungua.

Hebu tuulize: ni nani aliyekuwa akiziponya nyumba zetu zamani? Ilikuwa kazi ya mshenga, ambaye wajibu wake haukwisha siku ya harusi, bali aliendelea kuwa njia ya maneno baina ya koo mbili. Ilikuwa kazi ya somo au kungwi, aliyemlea mwari katika unyago, na ambaye binti aliweza kumweleza yale asiyoweza kumweleza mama yake mzazi. Ilikuwa kazi ya babu na bibi, ambao mjukuu alitaniana nao na kuwakimbilia fimbo ya baba ilipoinuka. Ilikuwa kazi ya watani. Mngoni kwa Mhehe, Mzaramo kwa Mnyamwezi, mtani alikuwa na ruhusa ya kusema mbele ya hadhara neno ambalo lau lingesemwa na mtu mwingine lingezusha ugomvi. Nalo lilipokelewa kwa kicheko, na ndani ya kicheko ukweli ukaingia. Watu hao wote wana sifa moja: hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyekuwa hakimu. Wazee wetu walihukumu, naam. Walihukumu wizi, mipaka ya mashamba, na damu iliyomwagika. Lakini kwa maradhi ya nyumba waliweka watu wengine, na silaha ya watu hao ilikuwa ni ukaribu wao.

Hata neno baraza lenyewe linatufundisha. Katika miji ya pwani yetu, baraza ni lile jukwaa la mawe lililojengwa mbele ya nyumba, ambapo watu huketi bega kwa bega, kahawa ikapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hapana aliyeketi juu na aliyesimama chini. Aliyekuja na neno alilisema akiwa ameketi kama wenzake. Ile tabia ya kukaa nyuma ya meza na kumwacha mtu asimame mbele yako huku ukimwuliza "Kosa lako unalijua?" ina sura ya boma la mkoloni zaidi kuliko sura ya baraza. Ni jambo la ajabu kwamba kuna watu wanaoilinda tabia hiyo kwa jina la mila.

Wala mambo haya hayako kwetu peke yetu katika Afrika. Mwaka 1954, huko Abeokuta katika Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha katika hospitali ya Aro mpango uliokuja kujulikana duniani kote. Badala ya kuwafungia wagonjwa wa akili ndani ya kuta, aliwapangia makazi katika vijiji vya jirani, na kila mgonjwa alitakiwa aje na ndugu yake mmoja angalau wa kukaa naye na kumwangalia. Mgonjwa alipata dawa za hospitali, lakini hakung'olewa katika watu. Aliendelea kuishi mahali ambapo watu hupika, hulima, husalimiana na kucheka. Wakati huo, tiba ya familia ilikuwa ndiyo kwanza inajifunza kutambaa huko Marekani. Basi anayesema kwamba kumtibu mtu pamoja na jamaa zake ni jambo la kigeni, na alisome upya bara lake.

Hata hivyo tusijidanganye. Kusifu mila bila ya kuzichambua ni aina nyingine ya uvivu. Katika vikao vingi vya zamani mwanamke alisemewa na kaka yake au mjomba wake, wala hakuulizwa mwenyewe. Kijana alitakiwa anyamaze hata shauri likiwa ni la maisha yake. Neno "vumilia" lilitolewa kwa mke kama dawa ya kila ugonjwa, na mara nyingi lilikuwa ni kizibo tu cha kumfunga kinywa. Wapo hata wanaoushika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika karne ya 19, wakautumia kama rungu la kuwatiishia wanawake, wakikumbuka tu yale yanayosemwa humo juu ya utii kwa mume. Wanasahau jinsi utendi huo unavyoanza. Mama mgonjwa anamwita binti yake aje aketi karibu naye. Ukaribu ndio unaotangulia, wasia ndio unaofuata. Anayeuchukua wasia akauacha ukaribu ameliacha lile linaloufanya wasia usikike.

Taifa letu lilijaribu kuchukua lililo bora katika mila na kuacha lililo baya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ushahidi. Kifungu cha 101 cha Sheria hiyo kinasema kwamba mtu hawezi kupeleka mahakamani ombi la talaka, ila kwa sababu chache zilizotajwa, mpaka shauri lake liwe limefikishwa kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza liwe limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wenye shauri. Mabaraza hayo yalikusudiwa kuwako katika kila kata, na jumuiya za dini nazo zikaruhusiwa kupewa ya kwao. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kila upande hauna budi kupewa nafasi ya kusikilizwa. Wakili haruhusiwi kuja kumtetea mtu humo.

Tunamwomba msomaji aitafakari hiyo amri ya mwisho. Kwa nini wakili azuiwe? Mahali ambapo watu watahukumiwa, kumnyima mtu wakili ni kumdhulumu. Mtunga sheria hakukusudia dhuluma. Alimzuia wakili kwa kuwa hakukusudia kuwe na hukumu. Alitaka mume na mke waseme kwa vinywa vyao wenyewe, mbele ya majirani wachache wenye busara, na waondoke wakiwa wamesikilizana. Kwa maneno mengine, Bunge letu liliagiza tiba ya familia ifike katani wakati ambapo jina la tiba hiyo lilikuwa halijasikika huko.

Nini kimetokea tangu wakati huo? Mahali pengi Baraza limegeuka kuwa dirisha la kuchukulia hati. Ombi la talaka hukataliwa mahakamani lisipokuwa na hati ya Baraza, na hati yenyewe isiwe imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya ombi. Kwa hiyo watu huifuata hati kama vile mtu anavyofuata stakabadhi. Na pale ambapo wajumbe wanajitahidi kufanya kazi, mara nyingi huifanya kwa namna ya mahakama. Mume husimama upande huu, mke upande ule. Swali la kwanza ni "Nani alianza?" Yakiisha kutajwa makosa ya mmoja, yanatajwa ya mwenziwe, kama watu wanaohesabiana madeni. Kisha mwenyekiti hutoa hotuba, mkosaji huomba radhi akiutazama ukuta, na shauri hufungwa. Jioni hiyo watu hao wawili hurudi katika chumba kimoja, wakiwa na ugomvi ule ule, pamoja na aibu mpya. Je, hiyo ndiyo suluhu? Sisi tunasema hapana. Hiyo ni mahakama duni: haina uwezo wa mahakama ya kweli wala haina upole wa baraza la kweli.

Sasa tutazame kwa nini hukumu haiponyi. Huko London, watafiti George Brown, Jim Birley na John Wing walitangaza mwaka 1972 matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 101 wa skizofrenia waliorudi nyumbani kutoka hospitali. Waliketi na jamaa za wagonjwa, wakawaacha waeleze maisha ya nyumbani, na wakasikiliza si maneno tu bali hata sauti. Je, sauti hiyo ina lawama? Ina uadui? Ina wasiwasi wa kumwingilia mgonjwa kupita kiasi? Au ina ukunjufu? Katika muda wa miezi 9 baada ya kutoka hospitali, wagonjwa waliorudi katika nyumba zilizojaa lawama, uadui au kuingiliwa waliugua tena kwa kadiri ya 58 katika kila mia. Wale waliorudi katika nyumba tulivu waliugua tena kwa kadiri ya 16 tu katika kila mia. Uchunguzi wa namna hiyo ulirudiwa mara nyingi baadaye, katika nchi mbalimbali, na kwa jumla ukaonyesha mwelekeo ule ule.

Tusipotoshe jambo hili. Watafiti hao hawakusema kwamba lawama za jamaa ndizo zinazoleta ugonjwa huo, wala kwamba dawa hazina kazi. Kumlaumu mama wa mgonjwa kungekuwa ni kuongeza hukumu juu ya hukumu. Walilolionyesha ni kwamba hewa ya nyumba ina nguvu. Mtu mwenye jeraha hupona haraka pasipo na vumbi. Na ikiwa hewa ya nyumba ina nguvu hata juu ya ugonjwa mkubwa kama huo, itakuwaje juu ya huzuni ya mtoto, hofu ya mke, au uchungu wa mzee aliyesahauliwa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe?

Mwingine aliyelieleza jambo hili kwa lugha nyepesi ni Virginia Satir, mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 1988. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1972 alionyesha kwamba watu wa nyumba moja, wanapoingiwa na hofu, hujificha nyuma ya mitindo minne ya kusema. Yuko anayelaumu, yuko anayejidhalilisha ili asigombane na mtu, yuko anayesema hoja kavu kana kwamba hana moyo, na yuko anayepoteza mazungumzo kwa mambo ya kando. Mtindo wa tano, ambao ndio unaoponya, ni wa yule ambaye neno lake, sauti yake na uso wake vinasema jambo moja.

Tuchukue mfano usio mgeni kwa mwalimu yeyote. Mtoto amerudi nyumbani na ripoti mbaya ya shule. Baba anamgeukia mama: "Mtoto wako huyu, umemlea wewe!" Mama anainamisha macho: "Ni kosa langu, baba watoto, nisamehe." Baba mdogo, aliyesoma, anaanza hotuba juu ya faida za elimu na hali ya ajira nchini. Shangazi anauliza kama kuku wamekwisha ingia bandani. Watu wanne wamesema, na hakuna hata mmoja aliyemsemesha mtoto. Pengine mtoto huyo hasikii vizuri na ameketishwa nyuma. Pengine anaogopa njia ya kwenda shule. Pengine anakesha akisikiliza ugomvi wa wazazi chumba cha pili. Hatujui, kwa sababu hakuulizwa. Hata hivyo hukumu imekwisha tolewa, na pengine fimbo imekwisha tafutwa.

Wala hatuhitaji kusafiri mbali ili tujifunze kusikiliza. Lugha yetu ya Kiswahili inayo shule yake. Ukimwuliza mtu "Habari za nyumbani?" atakujibu "Njema," hata kama nyumba inaungua. Huo si uongo. Ni adabu, nayo ni kama mlango ulioegeshwa tu. Ukitulia kidogo, ukamtazama kwa uso mkunjufu, ndipo linapokuja neno dogo: "Njema, ila..." Yote ya maana yanakuja baada ya hilo "ila". Mtoto ana homa. Mume hajalala nyumbani siku tatu. Ada ya shule imeliwa. Msuluhishi mwenye haraka huliandika neno "njema" na kufunga daftari. Msuluhishi wa kweli hungoja "ila". Ukunjufu ndio unaolivuta neno hilo litoke, na ukali ndio unaolirudisha ndani. Yeyote asiyejua kungoja "ila" hafai kuketi katika baraza la usuluhishi, hata akiwa na umri wa miaka 80 na mvi za kutosha.

Lugha yetu ina utajiri mwingine ambao ni rahisi kugeuka kuwa sumu, nao ni utajiri wa mafumbo. Watu wa pwani wamejifunza tangu zamani kusema bila ya kusema. Kanga moja, kwa maandishi yake ya upindoni, yaweza kufikisha lawama, mapenzi au onyo bila ya mvaaji kufungua kinywa. Ni sanaa nzuri, na hatutaki ife. Humsitiri msemaji na msemwa, na kumpa mwanamke ulimi mahali ambapo ulimi wake umefungwa. Lakini fumbo ni kitoweo, si chakula. Nyumba ambayo mke husema kwa kanga, mume hujibu kwa kununa, na watoto hubeba salamu kutoka chumba hadi chumba, hiyo ni nyumba iliyokwisha kuwa bubu. Na wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tena ububu huu haukuletwa na tabia mbaya za watu peke yake. Una historia. Kodi ya wakoloni iliwalazimisha wanaume wengi kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, miezi mingi na hata miaka mbali na wake zao na watoto wao. Aliyerudi alirudi akiwa mgeni katika nyumba yake, na mgeni mwenye mamlaka ni rahisi kutumia amri badala ya mazungumzo. Leo hatuna manamba, lakini tunaye baba aliyeko mjini ambaye hutuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi na kudhani kwamba amekwisha zungumza na watoto wake. Fedha hizo ni za lazima, na anayezipata kwa jasho anastahili heshima. Lakini mtoto haambiwi na fedha kwamba anapendwa. Mtu mmoja hana budi kumwambia.

Sasa tuwajibu wale watakaosema kwamba tunafundisha udhaifu. Watauliza: je, mume anayempiga mkewe naye apokewe kwa ukunjufu, aketishwe, asikilizwe, kisha arudishwe nyumbani na mke aliyempiga? Hapana, hata kidogo. Kifungu cha 66 cha Sheria ile ile ya Ndoa kinatamka wazi kwamba hakuna mtu aliye na haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kumpiga, hata kama ipo desturi inayosema vingine. Kipigo si kutoelewana. Kipigo ni kosa, na kosa lina mahali pake, nako ni polisi na mahakama. Huko ndiko hukumu inakostahili kuwa. Kumketisha mwanamke mwenye uvimbe usoni kando ya aliyemvimbisha, na kumwambia azungumze kwa uhuru, ni dhihaka. Hakuna mazungumzo pale ambapo mmoja anaogopa mkono wa mwenziwe. Basi anayetumia jina la suluhu kuficha kipigo ameiharibu suluhu na ameidhulumu hukumu pia. Sisi tunataka kila kimoja kikae mahali pake: hukumu kwa makosa ya jinai, suluhu kwa maradhi ya nyumba. Kosa letu la sasa ni kwamba tumevigeuza. Mpigaji anaambiwa maneno ya upole, na mke aliyelalamika kwamba hasemeshwi anakemewa kama mhalifu.

Kutoka hapo ni dhahiri mabaraza yetu yafanye nini. Kwanza, wajumbe wafunzwe. Umri ni heshima, lakini si ujuzi wa kila kitu. Hata somo wa zamani alifunzwa kabla ya kufunza. Maafisa ustawi wa jamii walioko katika wilaya zetu wapewe wajibu na nyenzo za kuwafundisha wajumbe jinsi ya kusikiliza. Pili, viti vipangwe kama vya barazani, si kama vya mahakamani. Watu wakiketi wakitazamana kama maadui, watasema kama maadui. Tatu, kila mmoja asikilizwe kwanza peke yake, maana yapo mambo yasiyosemeka mbele ya mwenzi, na hapo ndipo itakapojulikana kama kuna kipigo. Nne, swali la "Nani alianza?" liachwe, na badala yake liulizwe: "Nini kinakuumiza, na ungependa nyumba yenu iweje?" Tano, baraza lisifanye haraka. Sheria inaliruhusu kuahirisha kikao na kukutana tena. Ugonjwa uliolelewa miaka 10 hauwezi kuponywa kwa dakika 40. Na iwapo juhudi zote zimeshindikana, basi hati itolewe bila ya kinyongo, kwani kutengana kwa heshima nako ni bora kuliko kukaa pamoja kwa mateso.

Kwenu ninyi walimu tunasema hivi. Ninyi ndio mnaouona ugonjwa wa nyumba mapema kuliko mwenyekiti wa baraza. Huonekana katika daftari lisiloandikwa, katika usingizi wa saa nne asubuhi, katika mtoto anayepiga wenzake au anayejitenga nao. Msikimbilie kuhukumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushirikishwa katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Haki hiyo haitekelezwi kwa kubandikwa ukutani. Hutekelezwa mwalimu anapofunga mlango wa ofisi, akaketi, akasema, "Mwanangu, sikukuita nikuadhibu. Nimeona umebadilika. Nieleze." Kisha akangoja.

Na ninyi vijana msidhani kwamba ninyi ni wagonjwa tu katika habari hii, na kwamba waganga ni wakubwa peke yao. Mnao wajibu wenu. Mzazi naye huumia, naye ana "ila" yake ambayo hajaulizwa. Kijana aliyesoma akirudi likizo nyumbani, asiketi pembeni na simu yake akisubiri kupakuliwa. Amsalimie baba yake, amwulize habari za kazi, na akijibiwa "Nzuri tu, mwanangu," asiondoke upesi. Heshima si kunyamaza mbele ya mkubwa. Heshima ni kusema kweli kwa maneno yasiyojeruhi.

Wako watakaosema kwamba taifa lina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia kuliko manung'uniko ya nyumbani. Sisi tunawakumbusha kwamba Ujamaa wenyewe, kama Mwalimu Nyerere alivyouandika mwaka 1962, ulichukua jina lake na mfano wake katika jamaa. Watu wasiojua kusikilizana wakiwa watano chini ya paa moja, watajulia wapi kusikilizana wakiwa mamilioni chini ya bendera moja? Mtoto aliyezoea kuamriwa bila ya kuulizwa atakuwa raia wa kuamriwa, au atakuwa kiongozi wa kuamrisha. Yote mawili ni hasara kwa taifa.

Kwa hiyo basi, tuwarudishie wasuluhishi kazi yao ya asili. Meza iondolewe katikati. Mke aseme mwenyewe, mume aseme mwenyewe, na mtoto aulizwe. Neno kali lirudi mahakamani linakostahili, na baraza lirudi kuwa baraza.